Kwa nini wapiga dokyumentari za kijamii hawadumu huku Kusini?

#1 Korosho Ghafi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mdogo wangu yuko hapa Mtwara mjini, anapiga video za harusi, mahafali na sherehe za kutoka kwa mwali (zile za nje, ndani hakanyagi). Kazi inalipa. Minada ya korosho ikienda vizuri ndiyo usiseme, watu wanaoana mfululizo mpaka anakataa kazi. Sasa kaibuka, anataka kuacha yote aingie kwenye dokyumentari za kijamii: akina mama wanaobangua korosho, uvuvi wa mabomu, mabinti wanaoacha shule, migogoro ya ardhi. Anasema harusi haimfikishi popote.

Mimi sina ubaya na hilo. Ila nionesheni mtu mmoja aliyeanzia Mtwara au Lindi akafanya kazi hiyo na akadumu nayo. Ninaowajua mimi walitoa moja, wengine mbili, basi. Mmoja karudi kwenye harusi, mwingine anapiga wanasiasa wakati wa kampeni, mwingine kahamia Dar na ukimgusia habari hizo anabadilisha mada. Tatizo ni hela, serikali, watazamaji au sisi wenyewe? Na huyu dogo nimwambieje?

#2 Feri_Pweza

Siti ya mbele. Pweza na pilipili viko mezani.

#3 FundiKamera

Hela. Msizunguke.

Harusi unachukua nusu kabla, unapiga siku moja, unahariri, unamaliziwa chako. Dokyumentari nani anaagiza? Ni asasi tu. Na asasi inataka dakika saba, nembo mwanzo na mwisho, katikati mama mmoja aliyekuwa na shida, akapewa semina, sasa anatabasamu. Hilo ni tangazo, mkuu, tusidanganyane.

Nimefanya moja Tandahimba. Mama akasema mbele ya kamera kwamba mashine za kubangulia walizopewa kikundi zimeharibika toka mwaka wa kwanza na hakuna fundi anayezijua. Kipande kizuri kuliko vyote nilivyopiga. Nikaambiwa kitoe. Nikakitoa, nina watoto wa kulisha. Dogo ajue kabisa kwamba atafika hapo.

#4 Wakili wa Mtaa

FundiKamera anasema hela kwa sababu yeye hakamatwi, ana barua ya asasi mkononi. Kwa mtu anayejitegemea kikwazo cha kwanza ni vibali.

Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya 1976, namba 4. Filamu inataka kibali cha Bodi ya Filamu. Hapo hujaondoka Dar. Ukifika huku kuna mkoa, kuna wilaya, kuna mtendaji wa kata, kuna mtendaji wa kijiji, na kila mmoja anauliza aliyetangulia kasemaje. Ukitaka kurusha droni, hiyo ni mamlaka ya anga pamoja na Wizara ya Ulinzi. Ukisema basi nitaweka mtandaoni tu, zikaja kanuni za maudhui za 2018: wakati huo kusajili televisheni ya mtandaoni ilikuwa leseni milioni moja, na ada ya mwaka milioni nyingine. Huyo ni kijana wa Mtwara ambaye hajauza hata dakika moja.

#5 Nachi Karanga

Sheria ya 1976? Basi imezaliwa mwaka mmoja na kaka yangu, naye hajabadilika.

#6 Mzee wa Newala

Vijana, salaam.

Mnazungumza kama vile sinema ya mambo ya kijamii imekuja na simu. Sisi tuliziona kwenye gari la sinema. Likifika, shuka jeupe linatundikwa, jenereta inawekwa mbali ili isipige kelele, na watoto tunakaa mbele kabisa kwenye vumbi. Filamu zilikuwa za kuchimba choo, za mbolea, za kupeleka mtoto kliniki. Na hata hizo hazikuanza na Uhuru. Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika hapahapa Tanganyika, 1935 hadi 1937, makao yake Vugiri kule Usambara.

Ninachotaka kusema ni kwamba watu wetu wamezoea sinema inayotoka juu na kuwaambia fanya hivi, acha vile. Akitokea kijana na kamera anayewauliza wao wanaonaje, wanamtafuta aliyemtuma. Nimeona hapa kijijini. Swali la kwanza halikuwa "unapiga nini", lilikuwa "umetumwa na chama gani?"

#7 Ming'oko_Pori

Mleta uzi unasema Kusini hakuna wakati ipo ile filamu ya akina mama wa Newala wanaponda kokoto Dar. Mzungu aliipiga, ikazunguka dunia.

#8 Binti Mikindani

Ming'oko_Pori, katika maneno yote hayo kilicho kweli ni kokoto na Dar.

Hiyo ni These Hands ya 1992. Aliyeipiga ni Mtanzania, Flora M'mbugu-Schelling, na kabla ya hapo, 1987, alishatoa Kumekucha, nayo ya wanawake. Wale akina mama si wa Newala, ni wakimbizi kutoka Msumbiji, na machimbo ni ya Kunduchi. Dakika 45. Hakuna msimulizi. Hakuna sauti ya kukuambia umwonee nani huruma. Ni nyundo, mawe, watoto wamelala pembeni, na nyimbo za Kimakonde. Ukiwa umezoea dokyumentari za dakika saba alizosema FundiKamera, mwanzoni unadhani kitu kimekwama. Baadaye mkono ndio unaanza kukuuma wewe.

Bibi yangu nilimwonesha kipande kidogo kwenye simu. Habari ya kokoto hakuijali, alitega sikio kwenye nyimbo tu, akasema hao ni wa ng'ambo, sisi hatuvuti sauti hivyo.

Kwa hiyo mtu yupo. Ila tazameni, hata filamu yenye Kimakonde ndani yake imepigwa Dar. Na leo hapa Mtwara ukiuliza watu kumi nani kaiona, utajibiwa na wewe mwenyewe.

#9 Ming'oko_Pori

Sawa mwalimu. Lakini Mmakonde ni Mmakonde, Ruvuma ni mto tu.

#10 Mzee wa Newala

Hilo la mto nakuunga mkono.

#11 Tanga la Kilwa

Mimi naona mnamtafuta mchawi mbali. Watu wamechoshwa na hao wapiga picha wenyewe.

Mjomba wangu ni mvuvi. Walikuja watu na kamera, suala ni mabomu baharini. Wakamwambia, mzee, sura yako hatutaionesha. Na kweli hawakuionesha. Lakini sauti waliiacha vilevile, na nyuma yake ikaonekana ngalawa yake, tanga lina kiraka cha mfuko wa salfa, maandishi yanasomeka. Diko zima, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, hakuna mwenye kiraka hicho zaidi yake. Aliowataja walijua kabla video haijaisha. Ngalawa ilikatwa kamba usiku. Waliopiga picha tulisikia filamu yao imeoneshwa kwenye ukumbi fulani wenye viyoyozi, watu wakapiga makofi.

Leo ukija na kamera pale kwetu hata kama nia yako ni nyeupe, utapewa maji ya kunywa na nauli ya kurudia.

#12 FundiKamera

Pole kwa mjomba. Hapo kosa ni la aliyehariri. Sauti inabadilishwa kwa dakika chache, na kilichoko nyuma unakiangalia kabla hujabonyeza. Halafu unarudi na kumwonesha mhusika kabla dunia haijaona. Hii ya kurudi ndiyo hakuna anayeifanya, kwa sababu bajeti ya safari iliisha kwenye safari ya kwanza. Unaona? Tunarudi kwenye hela.

#13 Tanga la Kilwa

Hela ya kwenda ukumbini ilipatikana.

#14 Kuchele Original

Mmekwepa jambo lenyewe. Mei 2013.

Bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa, mji ulichafuka, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar. Kila mtu wa hapa anajua siku hizo zilivyokuwa. Toka hapo kamera Mtwara ikawa kitu cha kukuletea kesi. Unayepigwa unawaza picha itaangaliwa na nani na kwa lengo gani. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015, watu wakanyamaza, kila mtu akashika lake. Utapigaje dokyumentari ya kijamii mahali ambapo jambo kubwa kuliko yote hakuna anayetaka kulisema kwa jina lake?

#15 Binti Mikindani

Kuchele, nakubali woga upo, sikubali kwamba ndio sababu. 2018 serikali ilipochukua korosho kwa 3,300 kilo na magari ya jeshi yakaingia maghalani, nani hakutoa simu? Kila kijiji kilikuwa na mpiga picha. Video zilijaa mpaka simu zikaishiwa nafasi. Kupiga tunapiga. Hakuna aliyekaa chini akaziunganisha, akamfuata mkulima yuleyule msimu uliofuata, na uliofuata tena. Kinachotushinda ni uvumilivu.

#16 Kuchele Original

Uvumilivu na nani anakupa ugali wakati unavumilia?

#17 FundiKamera

Asante Kuchele, karibu kwenye chama cha hela.

#18 Mwl. wa Zamani

Mnisamehe kuingilia kati. Kabla ya kumhurumia mpiga filamu, mkumbuke Mwanza. Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa Darwin's Nightmare mwaka 2004, habari za sangara, viwanda vya minofu, mabaki ya samaki wanayokula wenyeji, na ndege za mizigo zinazodaiwa kuleta silaha. Ikashinda Oscar. 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba inalichafua taifa, Mwanza wakaandamana kuipinga. Waliobaki na msala ni wenyeji walioonekana kwenye filamu. Yeye alishaondoka. Ndiyo hofu yangu na hizi harakati za kamera, anayelipa ni aliyebaki.

#19 Wakili wa Mtaa

Mwalimu, haikushinda Oscar. Iliteuliwa, na mwaka huo waliobeba ni wale wa filamu ya pengwini. Tuzo iliyopata ni César ya Ufaransa. Mengine yote sahihi.

#20 Feri_Pweza

Yaani sangara wetu kapigwa na pengwini 😂

#21 Mgeni Toka Nairobi

Hamjambo ndugu zangu. Nimeolewa Lindi kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Mnatafuta mtu shujaa, na huko ndiko mnakokwama. Kwetu hali ilibadilika pale ilipopatikana taasisi. Judy Kibinge alitokea kwenye matangazo ya biashara, akatengeneza filamu za kuigiza, kisha akaanzisha Docubox, mfuko wa kusaidia dokyumentari Afrika Mashariki. Yeye mwenyewe 2015 akatoa filamu kuhusu mauaji ya 1984 pale mahali paitwapo Wagalla, kaskazini mwa Kenya, jambo ambalo watu wa Wajir walikaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Bila mfuko, bila watu wa kukusomea kazi yako na kukuambia hapa umedanganya, unabaki na kamera na hasira.

Halafu si lazima mpiga picha atoke mjini. Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui. Mtengeneza filamu wa Norway, Julia Dahr, alimkabidhi kamera, akapiga mwenyewe ukame, mafuriko, nyumba kuezuliwa paa, ugomvi na mkewe, vyote. Filamu ikatoka 2017, na alishafika mpaka mkutano wa tabianchi wa Paris 2015. Dogo ampe kamera mama mbanguaji.

#22 Nachi Karanga

Shemeji karibu. Lakini Wakenya kwa mifuko hamjambo, sisi tuna vifuko vya nailoni na vyenyewe vimepigwa marufuku.

#23 Tanga la Kilwa

Huyo mkulima alifika Paris. Mvua ilikuja?

#24 Mgeni Toka Nairobi

Hapana. Lakini na wewe shemeji unaidai filamu mambo ambayo hata mbunge humdai.

#25 Wakili wa Mtaa

Mbunge tunamdai, hatulipwi tu.

Nataka nirudi kwenye suala la kudumu, maana ndilo aliloulizia mleta uzi. Yupo Anand Patwardhan wa India, kaanza miaka ya 1970 na hajaacha. Wakaaji wa vibanda wanaobomolewa Bombay, chuki za kidini, silaha za nyuklia. Ile ya nyuklia, ya 2002, wakaguzi walimtaka akate vipande. Akaenda Mahakama Kuu ya Bombay, ikaamuliwa ioneshwe bila kukatwa hata kimoja. Televisheni ya taifa ikikataa filamu zake anaipeleka mahakamani pia, na amewahi kushinda. Kwa hiyo mnaposema uvumilivu, mimi nasikia wakili. Dogo atafute rafiki mwanasheria kabla ya kutafuta lenzi.

#26 FundiKamera

Wakili umejipigia debe vizuri sana.

#27 Mama Ganda

Nimesoma yote, mimi ndiye huyo mama mbanguaji mnayemgawa. Nabangua korosho, si kiwandani, kwenye kikundi.

Nimeshapigwa na kamera. Alikuja kijana mpole, ana heshima, shikamoo mpaka kwa watoto. Akasema anataka mikono yangu. Nikamwonesha. Mafuta ya ganda la korosho yanababua, ngozi inatoka, vidole vinakuwa vyeusi kwenye kucha na havitakati kwa sabuni yoyote, hata uende harusini na hina mtu anajua huyu ni wa korosho. Tunapaka majivu kwanza ndipo tunagonga. Akafurahi sana na majivu. Akaniambia mama rudia, lakini usinitazame. Nikarudia. Rudia tena, polepole. Nikarudia polepole. Sasa mimi nalipwa kwa kilo. Ukibangua polepole ili ionekane vizuri, kilo haiji. Na haraka zako ndizo zinazovunja punje, ukivunja bei inashuka. Nilipopima jioni wenzangu wote walikuwa wamenipita.

Sikuombi ulipe maneno yangu, maneno nayatoa bure. Nilipe kilo ulizonizuia. Hilo hakuna hata mmoja wenu aliyeliandika.

#28 Korosho Ghafi (mleta uzi)

Shikamoo mama. Asante. Nimemtumia dogo posti yako kama ilivyo.

#29 FundiKamera

Mama, shikamoo. Nakuelewa, ila nitasema ukweli wa fani. Ukianza kulipa mhusika, kesho anayetazama atauliza kama alisema kwa sababu ni kweli au kwa sababu ya hela. Na kijijini ukimlipa mmoja, siku inayofuata wanapanga foleni wenye shida, na wengine shida wanazitunga.

#30 Binti Mikindani

Hakuomba kulipwa shida yake, amesema kilo. Bodaboda aliyekuleta umemlipa? Jenereta umejaza mafuta? Mbona hao hawaharibu ukweli wa filamu?

#31 FundiKamera

Bodaboda haonekani kwenye picha.

#32 Mama Ganda

Basi mwakani msinipige sura, pigeni bodaboda.

#33 Feri_Pweza

Mama Ganda oyeee! Nani anapika, nashindwa kula kwa kucheka.

#34 Masasi Kibanda Umiza

Mimi nina kibanda cha kuonesha mpira na filamu zilizotafsiriwa. Hakuna aliyezungumzia watazamaji, na hela yangu inatoka kwao.

Kijana mmoja aliniomba aoneshe dokyumentari yake ya ardhi, nikamwambia njoo siku isiyo na mechi, lipa umeme tu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, kwa sababu waliambiwa mtaa wao umo. Robo saa ya kwanza ni kelele, "yule fulani", "lile duka la fulani". Alipoanza kuongea mtaalamu wa shati jeupe, nusu wakatoka nje kuvuta hewa. Alipotokea mzee wao anagombana na mpima ardhi, wakarudi mbio, na ubishi ulioanza pale ulinifanya nifunge kwa shida. Wengine walikuwa upande wa mpima.

Sasa yule kijana alitaka watoke na msimamo mmoja. Akakasirika, hajarudi tena. Watazamaji wapo. Tatizo wanaharakati wanataka watu waone filamu halafu wakubaliane nao.

#35 Mwl. wa Zamani

Huyu mwenye kibanda amesema jambo kuliko sisi sote tuliosoma.

#36 Kuchele Original

Mwalimu usiwe mwepesi. Ardhi wanaweza kubishana mpaka usiku. Aweke ya gesi tuone kama kibanda kitafika asubuhi.

#37 Mgeni Toka Nairobi

Na mwanaharakati asipochukua msimamo si mwanaharakati. Boniface Mwangi alianza na kamera ya gazeti, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, 2007 na 2008, zikamgeuza, akaingia barabarani kuandamana, 2017 akagombea ubunge jimbo la Starehe, Nairobi, akashindwa. Sam Soko akamtengenezea filamu iliyofika tamasha la Sundance, Marekani, 2020. Ndani yake unaona nyumba yake inavyoyumba, mke na watoto wanabeba mzigo. Dogo ana mke?

#38 Korosho Ghafi (mleta uzi)

Ana mchumba. Na mchumba ndiye anayempa moyo, mimi ndiye ninayemzuia.

#39 Nachi Karanga

Kwani lazima apige shida? Apige mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, huko Kilwa. Mifupa iko Berlin, watu wanalipa kumwona. Hiyo nayo ni haki ya kijamii.

#40 Tanga la Kilwa

Tendaguru iko wilaya ya Lindi, huko Mipingo. Kilwa tuna magofu yetu yanatutosha. Ila hoja ni nzuri. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, na mifupa ilibebwa na babu zetu vichwani mpaka bandari ya Lindi. Hao wabebaji ndio ningetaka kuwaona kwenye filamu.

#41 Ming'oko_Pori

Na wao walilipwa kwa kilo?

#42 Mama Ganda

Wewe Ming'oko una akili, unaificha tu.

#43 Korosho Ghafi (mleta uzi)

Wakuu, dogo kasoma uzi mzima. Kasema haachi harusi kwa sasa, ila ataanza na kikundi cha akina mama wa hapa karibu na atarudi kwao msimu ujao. Anauliza mambo mawili. Moja, maiki ya kifuani ya mtumba nani anayo. Mbili, akifika kijijini aanze kwa nani ili asionekane katumwa.

#44 FundiKamera

Maiki ninayo, waya umeungwa sehemu moja lakini sauti safi. Njoo faragha tuongee.

#45 Wakili wa Mtaa

Aanze kwa mtendaji wa kijiji, na barua imegongwa mhuri. Bila mhuri asitoe hata kifuniko cha lenzi.

#46 Mzee wa Newala

Akianza kwa mtendaji ndio ataonekana katumwa. Aanze kwa wazee, na huyo mchumba aende kwa akina mama.

#47 Wakili wa Mtaa

Mzee, akikamatwa wazee watamwekea dhamana?

#48 Mzee wa Newala

Kwetu? Watamwekea.

#49 Tanga la Kilwa

Na huo waya ulioungwa, FundiKamera, umeungwa na nini?